Waya Kutoka kwa Jirani

Miaka ile nilikuwa nafua mashuka kwenye loji moja juu ya Karatu. Nikirudi jioni nilikuta nyumba haina mtu. Wadogo zangu wawili, wa kiume na kitindamimba wetu wa kike, walikuwa kwa jirani wakitazama televisheni.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nami nikaacha shule darasa la sita ili hao wawili wasiache. Jirani alikuwa muuza vipuri kutoka Kilimanjaro, mtu mwema, na wema wake ndio ulioniuma. Alikuwa na dishi juu ya bati, sofa zenye vitambaa, na mke aliyewapa watoto chai ya maziwa kila jioni.

Siku moja tukichambua mboga, kitindamimba akasema, "Mama amesema kesho kuna katuni."

"Mama yupi?"

"Wa pale." Akaonyesha kwa kidevu.

Mama yetu alifariki mtoto huyu hajajua kusema. Mimi niliyembeba mgongoni nilikuwa Dada tu.

Nikanunua televisheni ndogo kwa dereva wa watalii aliyekuwa anahama, nikamwita fundi, kijana aliyetengeneza pia kompyuta za kituo cha intaneti mjini.

"Ukiweka antena, dada, utapata stesheni moja yenye chenga," alisema. "Dishi lako mwenyewe, hapo ujipange. Au nivute waya kutoka kwa jirani, picha safi."

"Hakuna njia nyingine?"

"Wenzetu Ulaya siku hizi televisheni inawajia kwenye waya wa simu, pamoja na intaneti. Kila nyumba inachagua yake. Hapa kwetu ukifungua barua pepe moja unaweza kwenda kunywa supu ukarudi."

Nikachagua waya. Jirani alikubali papo hapo. "Hawa si wanangu?" alisema, na hilo nalo nikalimeza.

Jioni hiyo nilipika mapema, nikatandika mkeka, nikafunga mlango. Picha ilikuwa safi kweli. Katuni ikiwa katikati, ikageuka mpira. Ndipo nilipoelewa kile ambacho sikumuuliza fundi: dikoda ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwa jirani. Alichochagua kwa rimoti yake ndicho tulichotazama sisi.

Kitindamimba akakimbia uani, akapanda juu ya ndoo kwenye uzio. "Baba, turudishie katuni."

Katuni ikarudi. Nikamsikia jirani akicheka, kisha sauti ya mkewe: "Njoo basi, mwanangu, chai ipo." Akaenda. Kaka yake akamfuata. Nikabaki kwenye mkeka wangu na katuni yao.

Asubuhi nikachomoa waya, nikaukunja vizuri, nikaupeleka mwenyewe.

"Picha ni mbaya?" jirani aliuliza.

"Shikamoo. Picha nzuri. Tumewasumbua vya kutosha."

Mkewe alinitazama kwa huruma, nami sikuitaka.

Fundi akasimamisha antena kwenye mlingoti wa mti wa mgrivea. Upepo wa Karatu uliugeuza kila jioni, ikabidi mmoja wetu atoke kuushika. Mara ya kwanza alitoka kitindamimba, mimi nikabaki ndani nikitazama kioo.

"Dada, hapa?"

"Zungusha kidogo upande wa Rhotia."

"Hapa?"

"Umepitiliza. Rudi upande wa mlima Oldeani. Hapo. Usiachie."

Mtu alikuwa akisoma habari, uso wake umejaa chenga. Kaka mtu akalalamika kwamba habari si kitu cha kutazama, lakini alibaki amekaa. Halafu ng'ambo ya uzio ukaanza muziki wa katuni. Nilijua kitindamimba ameusikia, maana picha ilitikisika, msoma habari akapotea kabisa. Nikangoja nisikie miguu yake ikienda.

"Dada," aliita. "Bado ipo?"

Kioo kilikuwa chenga tupu.

"Ipo," nikasema. "Shika hivyo hivyo."