Mke wa Fundi wa Lifti

Mawifi zake walimbandika jina la Redio, na hawakumsingizia. Alikuwa mshonaji, na mteja aliyekuja kupunguziwa suruali aliondoka na suruali yake pamoja na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo mumewe, fundi wa lifti, alipopata mkataba wa miaka mitatu ughaibuni, katika nchi ya Waislamu ambako hawakuwa na ndugu wala rafiki, hakuna aliyemuuliza Redio atakula nini huko. Walimuuliza ataongea na nani.

Swali lilikuwa la haki. Walipewa nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya sita, na mle ndani Redio ikazima. Si kwamba nchi ilimtesa. Aliizoea upesi kuliko alivyodhani: Ijumaa ikawa siku yao ya kulala mpaka jua liwe kali, Jumapili mume akavaa ovaroli kama siku nyingine, na adhana ya alasiri ikawa ndiyo saa ya kushuka kumchukua binti yao shuleni. Tatizo lilikuwa ulimi. Binti, mwenye miaka minane, aliidaka lugha ya wenyeji ndani ya miezi minne, na tangu hapo akawa ndiye mkubwa wa nyumba. Dukani mama alinyoosha kidole, mtoto akasema.

"Mama, wewe simama hapo, nikikuhitaji nitakuita," alimwambia siku moja mbele ya muuza mboga.

Redio alisimama hapo. Angefanya nini?

Jumatano moja asubuhi alitoka sokoni na mfuko wake, akaingia kwenye lifti pamoja na jirani wa ghorofa ya tano, mkunga mstaafu, ambaye kwa miezi yote ile walikuwa wakipeana tabasamu tu. Lifti ikapanda, ikatikisika, ikagoma kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Mkunga akabonyeza kengele, akasemezana na mlinzi aliyekuwa chini, kisha akamgeukia mwenzake na kugonga saa yake ya mkononi.

"Saa," akasema.

Redio akamtazama. "Saa nzima? Au dakika?"

"Dakika?" Mkunga naye akakodoa macho.

Wakatazamana kama watu waliogundua kuwa ni ndugu wa ukoo mmoja. Redio akaketi sakafuni, akafungua mfuko. Akatoa sabuni, akaitaja. Mkunga akaitaja vilevile, kapindisha mwisho kidogo tu. Akatoa sukari. Hiyo nayo ikapita. Mkunga akaketi kando yake, akafungua mkoba wake: kalamu, daftari. Kila neno lilipooana walipigana mabega. Yaliyokataa waliyacheka zaidi.

Mkunga akaelekeza kidole juu, kwenye mlango uliofungwa, akapumua. "Subira," akasema.

"Subira yavuta heri," Redio akamalizia, bila hata kufikiri.

Mkunga akalirudia neno la kwanza, akalirudia la mwisho, akaunganisha viganja vyake viwili. Alikuwa ameielewa methali nzima. Redio alihisi machozi yanamlenga, akajifanya anapanga mfuko.

Fundi alikuja mbio kutoka upande wa pili wa mji, maana mlinzi alikuwa amempigia simu huku akicheka kwamba mke wa fundi kakwama. Akaufungua mlango kwa ufunguo wake, akainama.

"Jamani, mko salama?"

"Salama," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

"Haya, nipe mkono, nikutoe."

"Baba, tusubiri kidogo," Redio akasema. "Hatujamaliza."

Tangu siku ile hakusimama tena pale alipoambiwa asimame. Alilijaribu kila neno la lugha yake kwa kila mtu. Mengine yalimwangusha, mara moja aliomba kijiko akaletewa ufagio, akaununua kwa heshima. Jioni mkunga alipanda na mapazia ya kushonwa, na cherehani ikanguruma mpaka mume akawa anajipakulia mwenyewe chakula.

Mwisho wa muhula mwalimu wa binti aliwaita wazazi. Mume alikuwa kazini, akaenda Redio. Mwalimu, dada mmoja mpole, alieleza kwa kirefu. Mtoto akakunja mikono kama wakili.

"Anasema mimi ni mtoto mzuri, na hesabu naziweza sana."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama."

"Mbona mimi nimesikia 'hesabu,' halafu nikasikia 'dhaifu'?"

Binti akaangalia viatu vyake. Redio akavuta kiti karibu na meza ya mwalimu, akaomba daftari, wakaanza kuelewana wenyewe, neno hili kwa hili, kidole juu ya namba. Ikapita robo saa, ikapita nusu. Mtoto alikuwa ameegemea ukuta, miguu ikimwasha.

"Mama, twende basi."

"Ngoja," mama akasema. "Nikikuhitaji nitakuita." Mwalimu akauliza amesema nini, na Redio akaanza kumweleza, tangu mwanzo.