Kuku Walikula Vizuri Kuliko Mimi

Nianze na mikono, maana ndiyo iliyoniumbua. Ilianza kubabuka mwanzoni mwa kiangazi, miaka ile ya tisini ambapo biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye sufuria na mafiga matatu pale Kirumba, Mwanza, alijiita mfanyabiashara. Mimi mmoja wao. Nilikuwa na kibanda cha chakula hatua chache kutoka Mwaloni, kwenye soko la samaki, nikipika pamoja na wifi yangu, dada wa mume wangu. Tulipika ugali, sato wa mchuzi, dagaa wa kukaanga, maharage, mchicha wa karanga. Makuli na wachuuzi walikula kwangu wakilamba vidole, na sisemi hivyo kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

Mume wangu alikuwa karani wa kupima pamba kwa mnunuzi binafsi, mmoja wa wale walioingia vijijini baada ya ruhusa kutoka. Msimu wa pamba ukianza alihamia huko Misungwi na godoro lake, tukawa tunaonana kwa kubahatisha. Watoto walikuwa kwa mama yangu, wanasoma. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wanawake wawili, kazi juu ya kazi.

Mikono kwa juu iliwiva kama imeungua na jua, halafu ikawa myeusi, ikakauka, ikaanza kutoka magamba. Nikapaka mafuta ya mgando. Nikapaka losheni, maana madukani kwa Wahindi kulikuwa kumejaa losheni za kila rangi, baada ya ile miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Nilinukia vizuri, lakini ngozi iliendelea kubanduka.

Hapo ndipo washauri walipojitokeza. Jirani yangu muuza mkaa alikuwa wa kwanza.

"Ni hao samaki," akaniambia. "Unashinda na samaki, unakula samaki. Samaki wanawasha, mwenzangu. Acha."

Nikaacha samaki. Mwingine akasema karanga zinachemsha damu, nikaacha karanga. Maharage yakashtakiwa, yakaondoka. Mayai yakafuata, na nyama, ambayo kwa kweli niliionea bure kwa sababu nilikuwa naila Pasaka na Krismasi tu. Kila aliyepita njia alikuwa daktari. Na mimi, mtu mbishi kwa mambo yote ya maana, kwa hilo nikawa mtiifu ajabu.

Nikabaki na ugali wa sembe na chai ya rangi. Tena sembe nyeupe pe! Mashine za kukoboa zilikuwa zimeota kila mtaa, na dona, unga usiokobolewa, tulikuwa tunaiona ni chakula cha jela na cha mabweni. Nikisema ukweli wote, hata kabla ya washauri wale sikuwa nakula cha maana. Mboga ilikuwa ya wateja. Mimi nilikwangua ukoko, nikaushushia na chai nikiwa nimesimama, nikarudi kwenye moto. Ukishinda jikoni moshi na harufu vinakushibisha, unajiona umekula.

Ngozi ikazidi. Ikanizunguka shingoni, utepe mweusi kama mtu aliyevishwa mkufu wa masizi. Ulimi ukachubuka, hata chai ya vuguvugu ikawa inaniunguza. Halafu tumbo likaanza kuniendesha, leo, kesho, wiki nzima, gauni likaanza kunipwaya. Msomaji ambaye hakuwepo miaka ile hawezi kujua maana ya mambo hayo matatu yakikutana kwa mtu mmoja. Kukonda, kuharisha, ngozi kuharibika. Hatukuhitaji daktari, tulikuwa tumezika wengi mno. Hata jina la ugonjwa hatukulitaja. Tulisema fulani kakanyaga miwaya, tukashusha sauti.

Sasa nikawa mimi ndiye wanayemshushia sauti.

Wateja hawakunitukana, hapana. Watu wa Mwanza wana adabu, na adabu yao inaua. Kulikuwa na kuli mmoja, mtu mzima, aliyekula kwangu kila siku na kuniita mayu, mama kwa Kisukuma, ingawa alinizidi umri. Siku moja nikamwita, akasema, "Leo nina haraka, mayu." Nusu saa baadaye nikamwona kwa mwenzangu wa kibanda cha tatu, ametandaza miguu, anachovya tonge polepole kama yuko harusini. Haki ya Mungu niliumia. Nikavaa blauzi ya mikono mirefu kwenye jua lile, nikajifunga khanga shingoni, nikahamia nyuma kuosha vyombo, wifi akawa anapakua. Baadaye nikasikia wanauliza vyombo vinaoshwa na nani.

Nyuma kule, mikono ikiniwaka kwenye maji ya majivu, ndipo nilipoanza kumhukumu mume wangu. Mimi sikuwa nimetoka nje ya ndoa hata kwa mawazo, ningepata wapi muda? Kwa hiyo ni yeye. Miezi vijijini, mfukoni pesa ya pamba, wasichana wanaouza pombe magulioni. Nilimfungulia kesi, nikawa shahidi, nikawa hakimu. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yangu bado yu hai na anajua kusoma.

Wifi alivumilia mpaka akachoka. Asubuhi moja aliweka mwiko chini.

"Wifi," akasema, "kama unakufa, basi kufa ukijua unakufa na nini. Vaa, twende."

Tulikwenda kwenye zahanati ndogo ya mzee mmoja, tabibu mstaafu wa serikali, aliyefungua ya kwake baada ya watu binafsi kuruhusiwa. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, kisha akaiangalia mikono yangu. Akainama akaiangalia sana. Akaniambia nifungue khanga ya shingoni. Nikaifungua huku nalia, maana nilijua sasa anahesabu ishara. Akasema nitoe ulimi. Nikatoa.

"Jana umekula nini?" akauliza.

Jamani! Mtu nakuja na kifo changu, yeye ananiuliza habari za chakula. Hasira zikanipanda. "Mzee wangu, mimi ni mpishi," nikamwambia. "Hapo Mwaloni nani hanijui? Jana kulikuwa na sato wa mchuzi, dagaa wa nyanya, maharage ya nazi, mchicha wa karanga..."

"Hivyo umepika," akasema. "Mimi nimeuliza ulichokula."

Wifi akanigeukia, naye anasubiri jibu.

"Ugali," nikasema.

"Na nini?"

"Na chai."

"Juzi?"

Nikamwambia juzi. Akauliza siku ya kabla yake, akauliza wiki iliyopita, na kila alipouliza sauti yangu ilizidi kupungua, ugali na chai, ugali na chai, mpaka nikaona aibu kama niliyeshikwa nikiiba. Nikamweleza kwamba nimeacha samaki kwa sababu wanawasha. Nikamweleza ya karanga, ya maharage, ya mayai. Yule mzee alivua miwani akajifuta uso kwa leso, na mimi sikujua kama anasikitika au anacheka.

"Jirani yako anafuga kuku?" akauliza.

"Anafuga."

"Anawalisha nini?"

"Pumba za mahindi. Na dagaa, wale waliokatikakatika."

"Basi," akasema. "Mashine inatoa uzuri wote wa mahindi, anapewa kuku. Dagaa anapewa kuku. Wewe unakula kilichobaki. Wana hali nzuri kuliko wewe hao."

Akalitaja jina la ugonjwa, pelagra. Alisema aliuona sana alipokuwa kijana kazini, vijijini, miaka ya njaa. Unawashika watu wanaokula mahindi matupu bila kitoweo. Unaanzia pale jua linapopiga, mikono, shingo, uso, unashuka tumboni, na ukiachwa unapanda kichwani. Hakuwahi kuukuta kwa mtu anayelala kando ya ziwa na kushinda kwenye masufuria ya samaki. "Wewe ndiye wa kwanza," akasema, na mimi kwa ujinga wangu karibu niseme asante.

"Kwa hiyo sina... ule mwingine?" nikauliza.

"Hilo siwezi kulisema kwa macho. Ukitaka, nachukua damu naipeleka hospitali kubwa, majibu baada ya wiki mbili. Lakini mimi natibu ninachokiona. Na ninachokiona ni njaa."

Nikatoa damu. Akanipa vidonge vya vitamini, akaniandikia karatasi ambayo nilitegemea itakuwa na majina ya sindano. Ilikuwa imeandikwa dagaa, karanga, maharage, mayai, maini nikiweza, mboga za majani, matunda, na mwisho, kwa herufi kubwa, DONA.

Wiki mbili hizo nilikula. Sitakuficha, nilikula nikiwa na hofu, kwa sababu niliaminishwa kwamba tonge la kwanza la dagaa litanitoa ngozi yote. Wifi alinisimamia kama askari jela. Alinipakulia mimi kwanza, kabla hajapakuliwa mteja yeyote, akaniketisha kwenye benchi la mbele, hadharani, akasema, "Kula hapa hapa, wakuone." Asubuhi uji wa dona wenye karanga za kusaga. Mchana dagaa, papai, mchicha. Wachuuzi walipita wakinitazama kwa pembe ya jicho. Nami nilitafuna.

Siku ya nne ulimi uliacha kuuma. Nilikunywa chai ya moto, nikanywa tena nihakikishe. Wiki haijaisha tumbo likatulia. Halafu siku moja, nikiwa nachambua dagaa, gamba jeusi kubwa likabanduka kwenye mkono wa kulia, na chini yake nikaona ngozi. Ngozi yangu! Laini, na rangi yangu mwenyewe. Nikamwita wifi kwa ukelele, akaja mbio akidhani nimejimwagia mafuta. Tukaushika ule mkono sote wawili, tukautazama kama mtoto mchanga. Yule kuli wangu alikuwa anapita. Akasimama, akatazama mkono, akatazama sahani yangu, akavuta benchi.

"Nipe kama alichokula mayu," akamwambia wifi.

Nilikuwa na maneno yake mengi niliyomwekea. Yote yakanipotea, nikamsogezea ndoo ya kunawia.

Majibu ya damu yakaja. Sikuwa nao. Mzee alinisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nasikia mapigo ya moyo tu. Nikatoka pale nikitembea katikati ya barabara, gari likanipigia honi, dereva akanitukana, nikamwambia na wewe pia ubarikiwe. Sijawahi kuwa mwepesi namna ile, kabla wala baada.

Nikafika kibandani nikamkuta mume wangu. Amesimama mlangoni, vumbi la Misungwi mpaka kwenye nyusi, begi moja mkononi na godoro begani, amelifunga kwa kamba. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia madereva wa malori wanaosimama Usagara, pale njia panda ambapo hakuna siri inayopita bila kula chakula.

"Nimesikia unaumwa," akasema.

"Naumwa nini?"

Nikamwonyesha mikono, nikampa karatasi ya majibu. "Sina," nikamwambia. "Umenisikia? Sina! Ni ugali. Nilikuwa nakula ugali mtupu kama mwehu, na huku nimezungukwa na samaki."

Akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, akajifunika uso. Mabega yakamtikisika. Nikamwacha alie, na nikasema kimoyomoyo, lia, maana unajua ulichokuwa unaogopa.

"Mimi nilikwenda kupimwa," akasema baadaye. "Mara tu niliposikia, wiki kadhaa zilizopita. Nikaambiwa sina."

Nikazihesabu wiki zile kichwani. "Kwa hiyo ulijua wewe huna."

"Nilijua."

"Basi mimi ulidhani nimeutoa wapi?"

Akaangalia chini. Weee! Damu ikanipanda kichwani. Mimi! Mimi niliyeshinda kwenye moshi nikikwangua ukoko! Nikavuta pumzi nimmalize, na hapo yale majina yote niliyomwita kwenye ndoo ya vyombo yakanirudia moja moja, nikaiachia ile pumzi. Wifi, ambaye alisikia kila neno, alikuwa ameegemea nguzo akicheka mpaka machozi.

"Huyu alidhani mwizi ni yule, yule akadhani mwizi ni huyu," akasema, "kumbe mwizi sembe!"

Tukacheka na sisi, tungefanyaje? Nilimwinua, nikamkung'uta vumbi, nikamletea maji. Ndipo nikaliona tena lile godoro.

"Na hilo umelibebea nini?" nikauliza. "Si unarudi? Msimu wa pamba bado haujaisha."

"Nimeaga kazini," akasema. "Nani angekuuguza?"

Alikuwa amepanda lori akiamini kwamba nimemsaliti na kwamba nakufa, na njia nzima alichokuwa anawaza ni nani atanipikia uji.