Kamba Yangu ya Maji

Apana, masasi ya bunduki sikuzoea. Mutu hazoei masasi. Ni vile niliogopa zaidi kuruka siku bila kupima maji.

Siku ya kwanza niliingia kwenye ofisi ya kupima ziwa, pale karibu na bandari, na fagio tu, natoka kwetu Buyenzi kwa miguu. Bosi, tulimuita Dokteri, alikuwa anasema kama mutu mwenye kiazi ya moto mukinywa: "Mama Zena, ziwa ni mugonjwa asiyesema. Usipomupima kila asubuhi, utamuzika bila kujua alikufa na nini." Nilicheka. Lakini yule muzee alijua maji! Alikuwa anashusha chupa ndefu mpaka chini, inajifunga yenyewe kule, anapandisha maji ya baridi. "Chakula ya ndagala, samaki hizi ndogo, iko huku chini. Maji ya juu ikipata joto sana, haipandi." Wavuvi walimucheka, lakini ndagala ikipotea, wanamukimbilia yeye.

Vita ikafika, wakubwa wakakimbia. Dokteri, kabla ya kukimbia naye, akanipeleka kwenye nguzo ya bandari, yenye mistari ya kupima kimo cha maji.

"Mama, unajua kuandika?"

"Sijui, Dokteri."

"Basi fanya unavyojua. Lakini kila siku."

Nikachukua kamba ya nyavu. Kila siku uzi mwekundu, halafu fundo moja kwa kila mustari uliokauka. Wapakizi wa bandari wananiuliza: "Bibi, unasuka ziwa nywele?"

"Ndiyo. Mulete na wake zenu!"

Siku moja masasi ikafunga njia, sikutoka Buyenzi. Kesho yake vidole ikaniwasha: funga tu kama ya juzi, nani atajua? Nikafunga uzi mwekundu wa ile siku, fundo hata moja sikuweka.

Vita ilipotulia, Dokteri akarudi na mvi kichwa kizima. Akakaa siku tatu anahesabu kamba, anaandika. Akafika pale patupu.

"Na hapa, Mama?"

"Maji sikuyaona, Dokteri."

Akatoa miwani, akapangusa. "Sababu ya hapa, naamini siku zingine zote."

Sasa niko nyumbani nasumbua wajukuu. Nawaambia: mutu anayepima maji musimuache peke yake. Mumupe mafuta ya boti, mumupe chupa zake. Siku ambayo ziwa haikupimwa hairudi tena.

Niliacha kazi namna gani? Asubuhi moja Dokteri akasimama pembeni yangu kwenye nguzo.

"Mistari ngapi kavu, Mama?"

"Tano."

Akainama, akahesabu yeye mwenyewe. Halafu akasema, na kiazi haikuwa tena mukinywa: "Tatu. Macho yako imekufa. Leta kamba."