Tawi la Kingstanding

Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Mzee niliyemhudumia kwa miaka minne alipofariki, nilikunja blanketi lake, nikafungua dirisha kidogo, nikamsubiri binti yake afike, kisha nikapanda basi kurudi kwangu Ladywood. Nilisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Nasema haya mapema ili anayesoma asidhani nitamsimulia msiba. Msiba ninao, lakini ninachotaka kusimulia ni Jumapili moja, miezi mitatu kabla hajafa, siku ambayo ndani ya nyumba ile tulishinda.

Alikuwa Mwingereza muungwana, wa zile familia zilizokuwa na kiwanda cha vifungo vya nguo hapa Birmingham, kiwanda kikaondoka, ikabaki nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa nyuma ya Perry Barr, ya matofali mekundu, yenye vyumba vingi kuliko watu. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mambo ya kale. Hakufundisha shule wala hakuajiriwa na mtu. Alizunguka makanisani akinakili maandishi ya makaburi kabla mvua haijayala, akasoma madaftari ya ubatizo ya watu waliokufa zamani, akakusanya sarafu, vipande vya vigae, na funguo ambazo milango yake haipo tena. Mkewe, nilivyosikia, alimvumilia. Naye alikufa kabla sijafika. Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike.

Mimi niliingia nyumba ile mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwaka mmoja baada ya kumzika mume wangu. Nilitoka Tanga na elimu ya darasa la saba, na Kiingereza changu nilikiokota huku huku. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha Mzee, kumvisha, kumnyoa, kumpikia. Mikono yake ilitetemeka kwa ugonjwa, na miguu ilishakataa ngazi, kwa hiyo kitanda chake kilishushwa kwenye chumba cha kulia chakula. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Aliuliza maana yake, nikamweleza. Akaniomba nilitamke tena polepole, akaliandika kwenye kikaratasi kwa herufi zinazoyumba, akakitia katika sanduku lenye vikaratasi vingine kama hicho, pengine elfu.

Juu ya ngazi, ukutani, kulikuwa na ubao mkubwa uliobandikwa karatasi nzito. Ndio uliokuwa mti wa ukoo wao. Babu yake aliuanza upande wa juu, baba yake akaendeleza, naye akautunza tangu ujana. Kila jina liliandikwa kwa wino mweusi na kalamu ya kuchovya. Kila aliyeolewa au kuoa katika ukoo ule, mwenzake aliandikwa ubavuni, na juu ya mwenzake jina la baba yake na kazi yake: mhunzi, mwuza kofia, mchungaji wa kanisa. Niliufuta vumbi kila wiki, na kwa kuwa napenda kujua watu, niliusoma nikifuta. Chini kabisa palikuwa na jina la binti. Chini ya binti palikuwa peupe.

Sasa, binti alikuwa na mume na watoto watatu. Walikaa Kingstanding, katika nyumba ya kupanga ya halmashauri ya jiji. Kila Jumapili alikuja na chakula katika bakuli lenye mfuniko, akakaa na baba yake nusu saa wakizungumza habari za hali ya hewa, kisha akaja jikoni kuosha vyombo ambavyo nilishaviosha. Jikoni ndiko alikonieleza. Mume wake ni dereva wa basi, kazaliwa hapa hapa, wazazi wake walitoka Jamaika. Siku ya harusi Mzee hakwenda. Kwenye ubao, alisema, mume wake na wanawe hawajazaliwa. Binti huko juu hakupanda kamwe.

Asubuhi moja nikimnyoa Mzee nilimwuliza kwa nini wajukuu hawapo ubaoni. Akajibu, povu likiwa kidevuni, kwamba karatasi zao hajawahi kuziona.

Kwetu, ukimwambia mwanamke alete karatasi ya watoto wake, umemtukana mbele ya ukoo mzima. Nilimaliza kumnyoa, nikaenda kumwaga maji. Karibu mwezi nilifanya kazi nimefunga mdomo, na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, niseme na hili: chai yake nilimpa ya vuguvugu kwa makusudi. Aliinywa. Hakulalamika hata siku moja, na hilo lilinikera zaidi.

Kisha nikapanda kigoda kufuta pembe ya juu ya ubao ambayo kwa kawaida nilikuwa naikwepa, nikaona pengo jingine. Juu ya jina la mama yake Mzee, mahali pa baba wa mama yake, palikuwa peupe vilevile. Nikashuka kumwuliza. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia mwezi ule. Huyo, alisema, ni babu aliyempakata na kumfundisha kusoma sarafu kwa ncha za vidole. Daftari la kanisa lenye jina lake liliungua kwa mabomu ya vita, na kwa miaka yote tangu utu uzima wake ametafuta karatasi nyingine asiipate.

"Lakini ulimjua," nikamwambia.

"Nilijua hata harufu ya tumbaku yake. Kumjua si ushahidi, madam. Nikianza kuandika ninaowapenda bila karatasi, ubao wote unakuwa hadithi."

Nikakaa kitako ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimemhukumu kwa sheria ya kwetu, naye alikuwa akiishi kwa sheria yake. Kisha akaongeza jambo ambalo sikuliomba. Alisema siku ya harusi ya binti yake alibaki nyumbani akipanga sarafu, na kwamba hilo halikuwa suala la karatasi, lilikuwa la rangi. Ule ulikuwa ubaya wake. Tangu hapo aliona aibu: mtu asiyekwenda harusini atadai vipi cheti cha ndoa? Akanyoosha mkono wa kulia mbele yangu, tukautazama wote wawili ukicheza wenyewe. Alisema kalamu itamshinda kabisa kabla ya majira ya kuchipua, na akifa hali ikiwa hivi, ukoo utaishia kwa binti yake kama aliyekufa bila mtoto. Sheria yao nyingine ilikuwa kwamba mtu haandiki tawi lake mwenyewe. Babu alimwandika baba, baba alimwandika yeye. Binti hataweza kujiandikia.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea binti maneno hayo jikoni. Alikuwa ameshika sahani, akaiweka chini polepole.

"Miaka ishirini nilidhani ni rangi ya mume wangu," akasema.

Ningeweza kumfariji kwa uongo. Nikamwambia, "Siku ya harusi ilikuwa rangi. Yeye mwenyewe kanikiria. Ubao ni karatasi."

Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Wiki nzima nilijiuliza kama nimeivunja familia ya watu kwa mdomo wangu. Sikupata jibu mpaka Jumapili iliporudi, mchana, nikasikia mlango unafunguliwa na sauti ya mwanamume ukumbini. Binti amekuja na mumewe. Mkononi binti kashika mfuko wa plastiki wa dukani, na ndani yake vyeti vinne: cha ndoa, na vitatu vya kuzaliwa.

Mzee aliviomba. Alivisoma kimoja kimoja kwa kikuzio chake, kile kioo cha kukuzia maandishi, mbele na nyuma, mpaka mihuri, kama vile vimetoka kwenye kanisa la kale. Hakuna aliyekaa. Alipomaliza, akavipanga juu ya blanketi.

"Hizi ningeziomba siku ya harusi," akasema, "kama ningekuja."

 Mume wa binti akakohoa, akauliza huo ubao uko wapi, kwa sababu kama Mzee hapandi, basi ubao itabidi ushuke.

Alikwenda garini akaleta bisibisi. Skrubu za ubao ule hazijawahi kuguswa tangu enzi ya babu, na moja ilimtoa jasho. Mimi na binti tulishika chini, yeye juu, tukaanza kushuka. Kwenye kona ya ngazi ubao ukakwama. Mzee, kitandani, alikuwa akisikia kila kishindo.

"Angalieni ile pembe," akaita.

"Mzee," dereva akajibu kutoka juu, maana na yeye alishaniiga kumwita hivyo, "mimi hupindisha basi la ghorofa mbili pale mjini, Jumamosi, watu wamejaa barabarani. Nitashindwa na babu zako?"

Nikasikia Mzee anacheka, na binti, aliyekuwa amebana ubao kwa bega, akaanza kucheka mpaka nikaogopa atauachia. Dereva akauinua wima, akauzungusha, ukapita. Kuta hazikupata hata mkwaruzo.

Tuliulaza juu ya meza ndefu. Tukamsogeza Mzee kwa kiti chake cha magurudumu, nikamfungulia wino, nikamchovyea kalamu. Alijaribu kwanza kwenye karatasi ya kutupa. Doa. Akajaribu tena, akiushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na mikono yote miwili ikatetemeka pamoja. Mara ya tatu kalamu iliruka ikadondoka sakafuni. Akatazama dirishani. Amechelewa, na sote tulikuwa tukimtazama akijua hivyo.

Binti akasema ataandika yeye. Mzee akatikisa kichwa, hilo haliwezekani. Dereva akasema asitazamwe yeye, mwandiko wake hata kwenye fomu za kazini huwa wanamrudishia.

Mimi nilikuwa nimeinama kuokota kalamu. Nilipoishika tu, vidole vilijipanga vyenyewe. Shuleni kwetu, kuanzia darasa la nne, tuliandika kwa kalamu za namna ile ile, kidau cha wino kikiwa kwenye tundu la dawati. Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba hii naijua.

Mzee aliniambia niandike alfabeti. Nikaandika, herufi kubwa na ndogo, nikikaza kalamu inaposhuka na kuilegeza inapopanda, kama tulivyofundishwa. Akachukua kikuzio. Alikaa nacho muda mrefu.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Mwalimu mmoja aliyetuchapa vidole kwa rula."

"Mungu amsamehe hiyo rula," akasema. "Andika."

Nimewahi kuandika barua nyingi za watu wasiojua kuandika, lakini sijawahi kushika kalamu kwa hofu kama ile. Nilivuta mistari miwili ya ndoa ubavuni mwa jina la binti, kisha Mzee akanisomea jina la dereva kutoka kwenye cheti, herufi kwa herufi, nami nikaliandika. Nilipotaka kushuka kwa watoto, akaniinulia kidole.

"Bado. Baba yake."

Dereva akasema baba yake alikufa zamani, karatasi zake ziliachwa Jamaika, na mambo hayo yasimchoshe Mzee. Mzee akamwonyesha cheti cha ndoa, mstari wa chini. Cheti cha Kiingereza huandika baba wa bwana harusi na kazi yake. Jina lilikuwepo, na kazi: seremala.

"Karatasi imeshasema," akasema Mzee. "Kila aliyeingia ukoo huu, baba yake yupo. Kwa nini wa kwako asiwepo?"

Nikaandika jina la seremala wa Jamaika juu ya jina la mwanawe, kwenye mstari mmoja na mhunzi, mwuza kofia na mchungaji wa kanisa. Dereva aligeukia ukuta akajifanya anaangalia picha. Pale ukutani hapakuwa na picha.

Kisha yakaja majina ya watoto, moja baada ya jingine. Chini ya wa tatu niliacha nukta ndogo ya wino, kosa langu, nikaomba radhi. Mzee alisema babu yake aliacha saba. Hakuturuhusu kukausha wino kwa karatasi, ilibidi ukauke wenyewe, kwa hiyo tulikaa kuuzunguka ubao ule tunakunywa chai. Ilikuwa ya moto. Binti aliweka kidole juu kabisa, bila kugusa, akashuka akisoma majina kwa sauti, mpaka akafika kwa wanawe. Alipofika kwa wa mwisho, baba yake aliushika mkono wake, na mkono wa Mzee ukatetemeka ndani ya wa binti, naye hakuuachia.

Alikufa majira ya kuchipua. Nyumba iliuzwa. Sanduku la vikaratasi na sarafu vilikwenda kwa watu wanaojua kuvitunza. Ubao ulikwenda Kingstanding, juu ya gari la kukodi, dereva mwenyewe akiwa usukani. Niliitwa huko, nikaonyeshwa kwanza cheti cha kifo, nikakisoma mbele na nyuma, kisha nikaandika mwaka mbele ya jina la Mzee. Mkono haukutikisika. Nililia baadaye, kwangu.

Sebule yao ni ndogo, na ukuta wenye nafasi ya kutosha ulikuwa mmoja tu. Walijadiliana, nikasikia, siku mbili nzima. Televisheni ndiyo iliyohama.