Kamongo aliyekufa maji ndani ya sanduku langu la samaki hai

Wakuu, salamu kwenu. Nasimulia nililolifanya kwa mikono yangu, hata sehemu inayoniaibisha sikuiondoa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa seremala pale Lumino. Sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kupima na kukosea.

Rafiki yangu Wandera alivua ziwani, pale Majanji. Nyavu zake zilikuwa mbali na jua lilimuwahi, ngege, yaani sato, wakafika mwaloni wamelegea. Mzee Saidi, mchuuzi wa Tororo mwenye lori, aliwatazama akawaacha. Alitaka samaki wanaoshushwa wangali hai.

Katika kitabu fulani chakavu nilisoma kwamba wavuvi wa nchi za mbali hutenga sanduku ndani ya mashua, wakatoboa ubao chini ya usawa wa maji. Maji huingia na kutoka yenyewe, samaki wakiogelea humo.

Wandera alikuwa na mtumbwi mmoja tu.

"Fundi, wewe nataka toboa mtumbwi yangu ndiyo isizame?"

Nilimchorea mchangani. Akaufuata mchoro kwa kidole, kisha akasema:

"Nakupa safari tatu. Ikishindwa naziba, na mambo ya kitabu naisha."

Nikajenga kuta mbili za mbao kukingama mtumbwi, sanduku likawa kati yake, viungo nikaviziba kwa pamba na lami. Kifuniko nilikiweka chini ya ukingo wa mtumbwi na kukikaza, ili Wandera akikalie akipiga kafi.

Safari ya kwanza nilitoboa upande wa mbele tu. Maji hayakuzunguka, ngege wakafa.

Safari ya pili nikatoboa na nyuma. Ngege kumi na wanane, wote hai. (Niliwahesabu mara mbili.)

Mzee Saidi akasema, "Nileteeni na kamongo hai, nitachukua samaki wenu wote kila mkitoka."

Safari ya tatu tukamtia kamongo mmoja mkubwa. Tulipofungua, ngege walikuwa wazima. Kamongo amekufa.

"Fundi umeua samaki na maji," mvuvi mmoja akasema. "Kesho wewe naua ndege na hewa."

Wandera hakucheka. Alikigeuza kifuniko. Chini yake palikuwa na alama za meno.

"Huyu alikuwa natafuta hewa. Kamongo napanda juu kupumua, hata mama yangu najua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza mbao tu."

Kumbe maji yalijaa hadi kwenye kifuniko. Nilimwomba safari moja zaidi. Alitazama mtumbwi wake, kisha akasema, "Leta msumeno."

Tuliinua kifuniko vidole vinne juu ya usawa wa maji. Safari iliyofuata kamongo mwingine alishuka akipiga mkia, na Mzee Saidi akatimiza neno lake.

Nilichojifunza: nilipima ubao na maji, lakini sikumuuliza anayemjua samaki. Kitabu kiliandikwa na watu wasiomjua kamongo.

Bado najiuliza kuhusu mumi, yaani kambare, maana sikuwahi kumjaribu. Mliowahi kumsafirisha hai, mlimwachia nafasi ya hewa, au anavumilia? Nielezeni.