Mkono wa Kutunga Msibani

Mnanisumbua nisimulie msiba wa Uyole, kama vile nyie hamna misiba yenu. Haya. Kijana aliyeacha kutengeneza filamu, sasa anaandika kwa kukodiwa, alipewa kazi ya wasifu wa marehemu. Akasoma mbele ya waombolezaji: “Alikata roho ameshikwa mkono na mkewe.”

Mjane akainuka. “Baba, mimi nilikuwa Rujewa navuna mpunga. Mkono wa nani huo?”

Mawifi wakamgeukia mama jirani aliyekuwa akimpikia marehemu uji, kana kwamba mkono ni wake.

Kijana akanong’ona, “Mama, niliongeza tu. Kwenye filamu watu hulia hapo.”

“Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie.”

Akasema. Filamu unakata kipande kibaya, lakini waombolezaji utawakata wapi? Wazee wakamtoza mbuzi wawili: mmoja wa mjane, mwingine wa yule mpika uji.