Honi ya Bwana Pale Lanet

Dalmas Khisa alikuwa na miguu ya kuringia, ila hakuwa na mtu wa kumringia. Mwaka wa hamsini na saba alikuwa akipeleka maziwa Nakuru mjini kutoka shamba la Bwana, Mzungu aliyemwajiri, kule Njoro, madebe mawili nyuma ya baiskeli nyeusi, kila asubuhi, Jumapili pia, maana ng'ombe hawaendi kanisani. Mkewe, Nabalayo, alikuwa Kimilili na watoto. Kwenye kambi ya vibarua majirani walipiga soga kwa Kikipsigis. Wakicheka naye anacheka, wakinyamaza naye ananyamaza, asijue amecheka nini.

Rafiki yake alikuwa kipande cha gazeti alichokibandika ukutani kwa uji: Mzungu ameinama juu ya baiskeli, mapaja kama magogo. Karani wa shamba alimwambia kwamba yule hana kazi nyingine, analipwa mshahara kwa kuendesha tu.

"Bila maziwa?" Dalmas aliuliza.

"Bila hata chupa."

Tangu hapo usingizi ukamhama.

Basi Mhindi mmoja mwenye duka la baiskeli akatangaza mashindano, Nakuru hadi Gilgil na kurudi. Mshindi angechukuliwa Nairobi, avae fulana ya duka na kushindana kwa mshahara. Wa pili angepewa pampu.

Siku yenyewe Omolo wa reli alikuja na landi nzima, majirani zake wote wa nyumba za reli, ikimpigia makofi. Dalmas alikuja na kofia yake.

"Wewe wa maziwa," Omolo akamtania, "ng'ombe umewaacha wapi?"

"Wanakuja nyuma yangu. Utakuwa nao."

Lilikuwa jibu zuri, ila hakuna aliyekuja upande wake kulichekea.

Bila madebe baiskeli ilikimbia kama imeibwa. Gilgil kwenye kugeuza alikuwa wa tatu, Mbaruk wakirudi wa pili. Pale Lanet akamwacha Omolo akitema mate mazito, na barabara mbele ikawa yake peke yake. Mji ulikuwa pale, unaonekana.

Ndipo honi ikalia nyuma: fupi mbili, ndefu moja. Aliijua. Kule mashambani, gari la bwana wako likija unashuka baiskeli, unasimama kando, unavua kofia mpaka vumbi litulie. Miaka sita Dalmas alikuwa anashuka. Kichwa kilisema endelea. Miguu haikungoja kuambiwa. Akajikuta kwenye majani, kofia mkononi, na Bwana amechomoza nusu mwili dirishani, uso mwekundu kwa furaha, anapiga kelele, "Kwenda, Dalmas! Kwenda upesi!"

Kumbe alikuwa amekuja kumshangilia.

"Asante, wa maziwa!" Omolo akasema akipita.

Dalmas aliruka juu ya baiskeli, akakanyaga mpaka macho yakaona giza. Alipungukiwa na urefu wa gurudumu moja. Akapewa pampu.

Jumatatu alikuwa njiani tena na madebe, katikati ya ngano. Honi ikalia nyuma: fupi mbili, ndefu moja. Miguu ikataka kushuka. Akaikatalia. Moyo ulimpiga kuliko siku ya Lanet, maziwa yakagonga vifuniko, gari likamfikia, likampita. Bwana hakugeuza hata shingo.

Vumbi lilipotulia Dalmas aliangalia nyuma, labda kuna mtu aliyeona. Ilikuwa ngano tu, pande zote mbili, mpaka Njoro. Akaivuta kofia chini kidogo, akakanyaga.